Seli ya Saba

Kisiwani Chiloé mvua haipigi hodi.
Imeingia nami jikoni kwa Rosalba Lincomán,
inachuruzika kutoka kotini mwangu, juu ya jiko la kuni.

"Saa tatu usiku taa zinazimika," anasema.
"Kila siku. Na betri hata miaka mitano hazijafika."
Napima ncha hadi ncha: volti hamsini na nusu.
Jumla nzuri. Jumla ingeweza kunihadaa
nikala mkate wake wa viazi, nikaaga.

Lakini seli kumi na sita zimeshikana kwa mfululizo,
chanya ya huyu kwenye hasi ya yule,
na safu ya namna hiyo haijui wastani.
Anayeishiwa kwanza huzima nyumba nzima
wenzake wangali na akiba.
Asubuhi, jua likijaliwa,
anayeshiba kwanza hufunga mlango wa jiko
na mwenye njaa yuko mkao wa kula.

Nikazipima moja moja.
Tatu nukta mbili. Tatu nukta mbili. Tatu nukta mbili moja.
Ya saba: mbili nukta nne tisa.
Haijavimba. Haina joto.
Ina nyaya mbili ambazo sikuzifunga mimi,
nyembamba kama uzi wa sufu,
zinashuka nyuma ya pipa la unga, zinapenya ubao,
zinatokea chumba cha kulala
kwenye redio ndogo, ile ya betri mbili za tochi:
sauti imepunguzwa hadi mwisho,
kitaa chekundu bado kinawaka.

Rosalba akaketi.
"Eliseo," akasema. "Hakuwa akipata usingizi.
Alisema redio haili kitu."

Eliseo kazikwa tangu Machi.
Na kweli haili kitu: tonge tu,
ila tonge la sahani moja, usiku na mchana.

Kwanza nikailisha ya saba peke yake,
kidogo kidogo, kama mgonjwa anyweshwaye uji.
Kisha nikazifungua zote, nikazipanga ubavu kwa ubavu,
chanya kwa chanya, hasi kwa hasi,
tukakaa siku mbili kwa mshumaa.
Hakuna aliyeamriwa kutoa.
Mwenye nyingi akammiminia mwenye chache,
mbio mwanzoni, halafu kwa kusitasita
kadiri walivyokaribiana,
mpaka sindano ikalala kwenye sifuri
na mimi nikalala kwenye kiti.

Nilipozirudisha safuni nikashika mkasi.
Rosalba akautazama mkasi. Hakusema.
Nikapekua mkobani, nikapata kibadilishi kidogo
cha bei ya mayai sita,
nikaifunga redio ncha hadi ncha, kwenye zote.

Saa tatu ikapita. Saa nne.
Chumbani kitufe kilizungushwa,
na mtu asiyejua lolote kuhusu sisi
akasoma hali ya hewa:
mvua, kesho na kesho kutwa.