Kidonge cha Njano

Saa kumi na mbili, kabla ukungu haujainuka Kadutu,
nakitoa kwenye kikopo cha maziwa ya unga:
kidogo, hakina harufu, njano ile ile
ya macho yangu kwenye kipande cha kioo.
Shuleni waliniita Kiini-cha-Yai.
Sasa naweka kiini kingine ulimini
na kunywa maji, glasi mbili, kwa amri.

Hakiponyi. Niseme hilo mapema,
maana jirani yangu Mama Cibalonza
kila akisikia kikopo kikilia
huuliza ukutani: "Bado tu?
Miaka yote hiyo, na bado hujapona?"

Muuguzi Ansima alinichorea
nyuma ya kadi ya kliniki:
damu ya wengine ni visahani vya mviringo,
vinaishi miezi minne.
Yangu hujikunja kama mundu,
huvunjika kabla ya wiki tatu.
"Kwa hiyo mifupa yako inajenga usiku na mchana."
Nikawawaza wale vijana wa Funu
wanaopandisha matofali mgongoni
kwenye njia ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili;
mvua ikiangusha ukuta
wanashuka tena bondeni kuchukua mengine,
bila kumlaani mtu.
Kidonge ni tofali moja.
Fundi ni uboho, na uboho hauna Jumapili.

Sokoni yuko Murhula na kipaza sauti chake,
anauza shira nyekundu: "Damu! Ongeza damu!"
Chupa ina picha ya simba.
Niliinunua mara moja. Ina chuma,
na chuma mimi ninacho kupita kiasi,
kimeachwa na damu za watu nilizotiwa
(ya mwalimu, ya askari, ya shangazi),
kimelala inini mwangu
kama misumari ya nyumba iliyohamwa.
Ansima aliimwaga mtaroni, simba na yote.
Shangazi naye: nyanya za mkebe na soda tamu.
Mchungaji: imani, na hiki kidonge ukitupe.
Sombe nala. Lengalenga nala. Amina naitikia.
Na kidonge nameza.

Mwaka ule barabara zilipofungwa
rafu ya farmasi, pale Nyawera, ilibaki na sabuni.
Nilikata kwa wembe, nusu.
Kisha nusu ya nusu,
vumbi la njano likabaki kwenye ukucha,
nikalamba ukucha.
Baridi ya Aprili ikaniingia magotini
kama mgeni anayejua kitanda kilipo.
Siku sita cherehani kimya.
Bulonza aliolewa na gauni lenye mkono mmoja.

Jana jioni mlango uligongwa polepole.
Mama Cibalonza, na mbele yake Aganze,
miaka mitano, soksi mikononi
kwa sababu vidole vimevimba.
Macho yake sikuhitaji kuambiwa.
Mama alitazama ndara zake.
Hakuuliza kama nimepona.
Aliuliza, "Wewe una miaka mingapi?"
"Thelathini na minne."
Akairudia kwa sauti ndogo,
kama mtu aliyepewa chenji nyingi mno
na anaogopa kuondoka dukani:
thelathini na minne.

Nilihesabu vidonge kumi,
nikavikunja kwenye karatasi, mara nne.
Halafu nikaishikilia karatasi.
"Kwanza kesho kwa Ansima, apimwe.
Kipimo chake si changu.
Nitakuja nanyi. Tutapanda taratibu,
njia ile tunaijua, mimi na magoti."

Aganze alinyoosha soksi moja kuelekea karatasi.
"Ni kitamu?"
"Hapana."
"Ni kichungu?"
"Hapana. Hakina ladha yoyote."
Akafikiri, uso wote ukajikunja.
"Sasa nitajuaje kama nimekimeza?"

Nikammiminia maji.
Akamaliza. Nikammiminia tena.