Swali la Nne

Fomu ina maswali saba.
La nne nimelikunja kwa ndani,
maana kwao "nne" na "kufa"
hutoka kinywani karibu kwa sauti moja.
Binti yake, Meilan, kanisubiri langoni
kabla sijashuka kwenye bodaboda:
"Sista Nakirya, usimchurie baba.
Mwambie ni vidonda vya tumbo."

Kichwa kilikubali. Mdomo haukuahidi.

Walukuba, saa tatu asubuhi. Soya imelowa
katika ndoo za bluu, imevimba
kama lile ini nililoliona kwenye picha.
Mzee Ou anamimina kwa mkono mmoja,
wa pili kaubana ubavuni
kama mtu anayeficha noti.

Kwetu Bugiri pia hatumchimbii aliye hai.
Bibi alipoulizia sanda yake
tulimnyamazisha kwa uji.
Akaondoka na mpira puani, wodini,
nasi kwenye korido tunagombana
alale kwa mumewe au kwa kaka zake.
Bei ya kunyamaza naijua.

Basi nikauliza habari za mashine ya kusagia.
"Mzee, siku ikigoma?"

Akanitazama. Akatazama pazia.
Waiswa, mjukuu, akatafsiri
Kihunan chake chenye Kisoga ndani:

"Ikigoma, msiipigepige. Izimeni.
Mimi nipeni maji ya moto. Ya baridi sitaki,
hata nikiungua kwa homa.
Dirisha la upande wa mto lisifungwe.
Mwanangu wa Changsha apigiwe simu,
asipopokea, asingojwe."

"Na soya itakayobaki?"

Hapo akakawia. Waiswa akajikuna shingo.

"Mbegu za nyumbani zilikataa udongo huu.
Za Iganga zimenilisha miaka ishirini na miwili.
Nipelekeni zinakoota."

Kisha akaniinamia,
kwa Kiswahili chake mwenyewe, cha sokoni:
"Sista, Meilan usimwambie.
Atalia."

Nyuma ya pazia kikombe kiligonga sahani.
Akatoka Meilan, chai kaishika kwa mikono miwili,
akampa baba yake, akabaki amesimama.
Hakuna aliyesema neno.
Mashine ilikuwa inanguruma.

Fomu nikairudisha mkobani na mkunjo wake.
Mgongoni mwake, kwa penseli:
maji moto, dirisha, izimeni, Iganga.

Nilinunua tofu, vipande vinne.
Nilipofungua mfuko nyumbani,
vilikuwa vitano.