Mizani

Likunama, bingwa wa uzito wa juu,
siku hizi anapima korosho ghalani Nanyamba.
Ulingo wake wa kwanza ulikuwa sakafu hii hii:
magunia pembe nne, kamba ya katani,
sisi wapagazi tukiwekeana dau la chapati.

Redio ililikosea jina lake raundi nane.
Ya tisa ikalipatia.

Kisha akaja kijana wa Tanga,
akaondoka na sikio lake la kushoto.
Wanaomdai humsemea upande huo.

Na mkanda? Sonara wa Mtwara aliukwaruza kwa ukucha:
bati.
Sasa umefunga daftari la ghala lisifumuke.

Leo nimempelekea magunia matatu.
Mkono unamtetemeka hadi uguse kitu.
Akalipapasa la tatu polepole,
kama anayetafuta ini chini ya mbavu,
akalichomoa jiwe nililoficha.

Nilingoja ngumi.
Akalitia mfukoni mwangu, akapapigapiga.
"Mizani hudanganyika, Nachipyangu.
Mbavu hapana.
Siku ya kupimwa kwa ule mkanda
nilikunywa maji ndoo nzima,
nikapanda nimebana mkojo."