Gwaride la Tononoka

Hatulipwi. Nauli ya kutoka Mikindani
kila mtu na mfuko wake.
Tarabushi kazishona Mwanasiti wa Majengo
kwa kitambaa kilichobaki cha makochi;
mlingoti wa bendera ulikuwa wa pazia.

Mwachiti, karani wa makontena bandarini,
ndiye sajini wetu wa saa mbili.
"Kushoto, geuka!" Na Saumu muuguzi,
aliyekesha zamu ya usiku, anageuka kulia.
Watoto wanacheka. Nasi twacheka kwa ndani,
midomo tumeikaza.

Leo Sikukuu ya Mashujaa.
Wenzangu wamevaa mabuti. Mimi sikuvaa,
wala si kwa kukosa:
baba wa babu yangu alichukuliwa vitani,
sanduku la risasi za wenyewe kichwani,
pekupeku, hakurudi,
na jina lake halikuandikwa pahali.

Lami ya saa tano inachoma.
Mkuu wa itifaki ananitazama miguu,
ananiuliza kwa mnong'ono kama nimeibiwa viatu.

Ndiyo, bwana. Zamani sana.

Wimbo unaanza. Upepo hakuna.
Bendera inaning'inia kama leso kambani,
nami nainyoosha kwa mkono.