Kichujio cha Mama

Nimeiba kichujio cha chai cha mama
nikapanda nacho Weruweru kabla jua halijagusa migomba.
Maji ya huku hayamkaribishi mtu:
yanakung'ata vifundo vya miguu
ndipo yanakuuliza wewe ni wa ukoo gani.

Nageuza jiwe. Tumboni mwake
kuna buu mmoja, fundi mwashi,
kajijengea kijumba cha changarawe
chembe kwa chembe, bila kamba ya kupimia.
Namtia kwenye kichupa cha spiriti, naandika:
*Weruweru, mita elfu moja na mia nane.*
Samahani, fundi.

Ndesario, mlinzi wa mfongo, ananicheka:
"Hao hata kuku hawawataki.
Na wa Karanga si ndio hawahawa?"

Kwa macho, ndio hawahawa.
Lakini Moshi mjini, chumba cha nyuma cha maabara,
vinasaba vyao vilipoanikwa herufi kwa herufi
kama nguo kambani,
wa Weruweru hakumtambua wa Karanga.

Palikuwa na baridi, Ndesario,
miaka ambayo hakuna aliyeihesabu.
Barafu ya Kibo ilivutwa chini kama blanketi,
na ubaridi ukaitangulia hadi tambarare.
Mabibi wa fundi huyu waliteremka nao,
wakakutana na wageni wa Meru, wa Upare,
wakaoana ovyo, bila mshenga.
Kisha joto likarudi.
Kila mmoja akayafuata maji baridi kwenda juu,
huyu bonde hili, yule bonde lile,
tambarare ikajifunga nyuma yao kama mlango.
Kati ya mito miwili ni mwendo wa asubuhi moja;
kwa mwenye mbawa za siku chache
ni safari ya miaka laki.

Mama yangu ni wa Machame, baba wa Rombo.
Siku ya posa wazee walisikilizana kwa shida,
wakakimbilia Kiswahili.

Leo, kutoka stendi ya Moshi, barafu iliyobaki
ni povu kidevuni mwa mtu aliyenyolewa vibaya.
Joto likizidi fundi atapanda tena.
Nakitikisa kichupa:
utapanda hadi wapi?

Jioni mama anachuja chai, anapiga funda,
anatema kitu kiganjani:
punje ya changarawe.
"Hii nayo imetoka wapi?"

Navuta kiti. Si jibu la kusimama.