Mtunza Makoti

Miaka kumi na tisa natunza makoti ya watu
katika jumba la michezo la Kutaisi.
Saa moja jioni nayapokea, mazito, theluji mabegani,
natoa vibati vya namba, pazia linafunguka,
nami nabaki na makoti mia mbili yasiyo na watu
na soksi ninayomfumia mjukuu wa dada.
Ndani sijawahi kukaa.

Lakini niulize ipi nzuri, ipi takataka.
Mchezo mbovu unawarudisha watu mbio,
kibati mkononi kabla makofi hayajakoma,
wanasema, "Mapambo ya jukwaa yalipendeza."
Ukisikia mtu anasifu mapambo
ujue maiti kavishwa vizuri.
Mchezo mzuri unawaleta polepole:
wanatia mkono wa kulia kwenye mkono wa kushoto wa koti,
wanasimama hapo, hawajui kilichowakwamisha.

Yupo Vazha, fundi saa wa nyuma ya soko.
Tangu mkewe afe hajaona kitu kizuri.
Kila Ijumaa ananunua tiketi ya safu ya tatu
ili aje kuniambia ilikuwa mbaya.
"Mfalme ana miguu ya tarishi, Lamara."
"Yule binti analia kwa pua tu."
Asiyependa kitu haji kila Ijumaa,
lakini hilo simwambii.

Wapo Tsira na Eteri, wa chuo cha udaktari.
Juzi waliingia wakigombania filamu ya Jumapili,
ile ya mwanamke aliyeuza nyumba akabaki na mlango.
Mmoja anasema mlango ni upendo.
Mwingine anasema mlango ni mlango,
mwongozaji aliishiwa pesa.
Nilicheka hata nikampa Tsira koti la kasisi.

Mimi nami nina yangu. Siku za mapumziko, saa nne usiku,
dada yangu Nanuli hunipigia simu kutoka Batumi
tukatazama pamoja, kila mtu na runinga yake,
ile tamthilia ya daktari mwenye mapacha asiowajua.
Sehemu ya mia mbili na kumi na sita, bado hajawajua!
Nanuli anamtetea: "Mwache, kapoteza kumbukumbu."
Namwambia, kumbukumbu si mkufu,
eti ukatike kila Jumanne saa nne unusu
kabla tu ya tangazo la sabuni.
Ananikatia simu.
Tangazo likiisha anapiga tena.

Basi wiki iliyopita theluji ilifunga barabara.
Makoti yalikuja kumi na moja.
Meneja Guram akasema, "Funga, Lamara. Ingia ukaone."
Nikakaa nyuma kabisa, koti langu mapajani,
sikuwa na wa kumwachia.

Jukwaani mwanamke anakunja mashuka.
Ndiyo hivyo tu. Anakunja, anazungumza na mtu
aliye chumba cha pili, na mtu yule hajibu,
na sisi tunajua kwa nini hajibu
kabla yeye hajajua.
Tena alikuwa anakunja vibaya,
pembe haikutani na pembe.
Nilitaka kuinuka nikamshikie upande wa pili.
Shuka la nne, nikaona mikono yangu
inakunja koti.

Taa zikawaka. Nikawahi mezani kwangu,
na Vazha mbele ya wenzake, kibati namba sita:
"Haya, leo umeona mwenyewe. Ilikuwaje?"

Husemwa mcheza kwao hutunzwa.
Mtunzaji hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.
Miaka yote hiyo maneno ya watu yamepita juu ya meza hii,
nami nikatafuta langu, nikapata moja.
"Mashuka," nikasema. "Hayakukunjwa sawasawa."
"Hiyo ni sifa au kasoro?"
"Sijui."

Akanitazama kama anavyotazama saa
ambayo mwenyewe anaapa kuwa ni nzima.
Akachukua koti lake, akavaa,
mkono wa kulia kwenye mkono wa kushoto,
akatoka hivyo hivyo kwenye theluji.
Sikumwambia.