Wingi wa Tanga

Nyabenda, umenunua mashua kabla ya kuniuliza.
Haya. Mbuzi akishachinjwa hatujadili rangi yake.

Ipandishe nchi kavu pale Katonga, uilaze ubavu,
uchukue kisu kidogo, uuchome mkuku taratibu
kama unavyojaribu kiazi jikoni.
Kisu kikiingia bila kubisha hodi, pameoza.
Watu wa pwani watakwambia mbao hudumu majini.
Kwao maji yana chumvi. Sisi ziwa letu tunalinywa,
nalo hunywa mbao zetu.
Na mvua ni mbaya kuliko ziwa: maji yanayotuama ngamani
tangu Novemba hadi Mei hula mataruma kimya kimya.
Upo usikauke. Turubai la kufunikia liwe na mgongo,
mvua iteleze, isikae kama mgeni.

Kalafati ni pamba, mawese yaliyochujwa, nyundo nyepesi.
Ruhomvya atataka kukuuzia gundi ya chupa kutoka Bujumbura.
Mwache auze.

Kamba usinunue ile ya bluu inayong'aa sokoni Mwanga;
jua la Agosti mbili huifanya unga.
Henza na demani zigeuze ncha kila mwaka,
panaposuguka pasiwe palepale.
Roda ikilia, mafuta ya taa kwanza, grisi baadaye.
Nanga ndogo yenye mnyororo hushinda kubwa ya kamba tupu,
ila ukishaachana kidogo na majabali ya Bangwe
unaweza kushusha amari yote na isiguse kitu.
Usiitegemee. Tegemea makasia mawili,
na la tatu ulifiche hata kwa rafiki.

Sasa tanga, ambalo ndilo langu.
Mimi siogelei, unajua. Ziwa halijawahi kunipita magoti.
Lakini miaka ishirini na sita ninashona hapa Ujiji,
nyuma ya stoo ya mawese, cherehani ya mguu,
na mabaharia wote hunidanganya; nguo yao haiwezi.
Chaniko refu, safi, pembeni: huyu hakupunguza mapema.
Mstari uliolika katikati: huyu aliacha foromali
imsugue mlingoti usiku kucha, bila ngozi.
Madoa meusi: huyu alilikunja bichi akaenda harusini.
Harufu ya dagaa: huyu amelifanya mkeka wa kuanikia,
nami humtoza zaidi.

Lukuga ya Julai haitumi taarifa.
Ukianza kujiuliza kama ni wakati wa kupunguza,
wakati umeshapita.

Lipo moja juu ya kabati. La Bitatimana.
Pindo nimemaliza, dasi mpya,
pembe zote nimezitia ngozi maradufu.
Alilipa nusu. Alisema atalifuata Ijumaa,
mara hii tu atakwenda na lile kuukuu,
Mwamgongo na kurudi.

Wingi wa tanga ni matanga.
Mwalimu alituandikia ubaoni, hakutabasamu,
nasi tukanakili.

Mkewe hajaja kulidai. Mimi sijampelekea.
Kila Juni nalitoa nje, nalipiga jua,
nalikunja upya kwa mikunjo mingine,
maana tanga likikunjwa palepale hukatika palepale.

Basi. Mlingoti pima kwa kamba, si kwa macho,
uniletee kamba yenyewe yenye fundo.
Kwenye kopo la maziwa ya unga tia sindano ya magunia,
nyuzi za nailoni zilizopakwa nta, kipande cha turubai
ukubwa wa kanga iliyokunjwa mara nne, filimbi.
Funga kopo kwa mpira wa baiskeli.
Tochi ivae shingoni, usiiweke mfukoni.

Njoo Jumanne. Lete tanga likiwa kavu,
na pesa kamili.
Nusu sipokei tena.